Saratani ya mfuko wa uzazi kufika kwenye ubongo: tuanzie wapi?

Neema_Tanga
Habari wakuu. Mama wa miaka 62 aliondolewa mfuko wa uzazi miaka miwili iliyopita, saratani aina ya serosi (mojawapo ya aina kali), kemo akamaliza. Sasa kichwa kinamuuma zaidi alfajiri, anatapika, mguu wa kushoto umelegea. CT skani imeonyesha uvimbe mmoja upande wa kulia, sentimita 3. Ndugu wameambiwa saratani hii haipandi kichwani. Ni kweli? Na kabla ya rufaa ya Dar aanzishiwe nini?

Dkt_Mionzi
Inapanda, ila kwa nadra: chini ya mgonjwa mmoja katika mia. Husafiri kwa damu, kwa hiyo mapafu nayo huwa yameguswa mara nyingi. Mpigeni CT ya kifua.

Deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, ianze leo, maana kinachoubana ubongo ni pamoja na maji yaliyojaa kuzunguka uvimbe. Kwa dalili kali hivi, miligramu 16 kwa siku: 8 asubuhi, 8 saa nane mchana. Ya usiku itamkosesha usingizi. Mpeni na omeprazoli ya kulinda tumbo, pimeni sukari, na deksamethasoni isikatwe ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo. Dawa ya kifafa msimpe kama hajadondoka kwa degedege. Akidondoka, levetirasetamu miligramu 500 mara mbili kwa siku. Fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, hulifanya ini livunje deksamethasoni haraka, na dalili zinarudi huku dozi ikionekana sawa.

Tafadhali, asitobolewe uti wa mgongo. Shinikizo likishuka ghafla chini, ubongo husukumwa na anaweza kufa.

Patho_Bongo
Dada Neema, uvimbe mmoja haujathibitisha saratani. Huku kwetu tuberkuloma (uvimbe wa TB) na toksoplasmosisi (maambukizi ya kimelea, hasa kwa wenye VVU) hufanana nao sana kwenye picha. Apimwe VVU na TB. Vipande vya nta vilivyohifadhi nyama ya saratani ya upasuaji wa kwanza visafiri naye, vilinganishwe na kitakachotolewa kichwani. Ombeni vipimo vya HER2 (protini inayoichochea saratani ikue) na protini za MMR (zinazorekebisha makosa ya DNA). Serosi huwa na HER2 mara nyingi kuliko aina nyingine, na hapo dawa ya trastuzumabu derukstekani inayolenga HER2 inaweza kufaa; MMR ikiwa na kasoro, pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Bei yake ni kubwa mno, familia ielezwe mapema.

Neema_Tanga
Asanteni sana. Mionzi peke yake haitoshi?

Dkt_Mionzi
Kwa sentimita 3 inayobana, na mgonjwa akiwa na nguvu, upasuaji kwanza. MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) wanaufanya, kisha Ocean Road, taasisi ya saratani hapo Dar, kwa mionzi. Asiishie kwenye upasuaji: bila mionzi, takriban nusu ya wagonjwa uvimbe huwarudia palepale ndani ya mwaka. Bora mionzi ya kulenga shimo lililobaki. Ya ubongo mzima, Gy (grei, kipimo cha mionzi) 30 kwa vipindi 10, huathiri kumbukumbu. Naiona inafaa zaidi uvimbe ukiwa mwingi. MRI yenye dawa ya gadolini, inayong'arisha uvimbe kwenye picha, ifanyike kabla ya kuamua, kwani CT hukosa vinundu vidogo. Akiwa hoi na saratani imetapakaa kwingine, Gy 20 kwa vipindi 5, au deksamethasoni na dawa za maumivu tu.