Tupeane uzoefu: ndege ilikuchaji nini ambacho hukukitegemea?

Kilo Kumi na Mbili

Habari za saa hizi wakuu. Nina hasira tangu Jumapili, nimeona nizilete hapa kuliko kuzimalizia kwa watu wa nyumbani.

Nilikuwa Mwanza kwenye harusi ya shemeji. Tiketi niliikata kwa simu wiki tatu kabla, bei chee, nikajisifu mpaka ofisini. Kwenda sikupata shida, nilikuwa na mkoba wa mgongoni na suti mkononi. Kurudi ndiyo kasheshe, maana nani anatoka Mwanza mikono mitupu? Asubuhi nikapita Mwaloni Kirumba, nikachukua sato kilo 12, wakanipangia kwenye boksi na barafu, selotepu juu na chini. Nikafika uwanjani kifua mbele.

Dada wa kaunta akaangalia kompyuta, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, tiketi yako haina begi." Haina begi vipi wakati begi ninalo? Kumbe siti ni zilezile, ndege ni ileile, ila kuna tiketi yenye kilo 23 na kuna tiketi isiyo na hata kilo moja ya kupeleka chini. Mimi nilibonyeza ile ya bei ndogo bila kusoma. Haya, shilingi ngapi? Elfu 85. Ningelipia kwa simu jana yake ingekuwa elfu 40. Sato wenyewe nimewanunua laki na ishirini!

Nyuma yangu foleni, mtu anagonga gonga begi lake kwenye visigino vyangu. Nikampigia dereva wa teksi aliyenileta, bahati nzuri alikuwa hajafika mbali, nikamkabidhi boksi. Nikapanda ndege nanuka samaki na samaki sina. Angani nikaomba maji. Elfu tatu.

Kampuni siitaji, na ninyi msizitaje zilizowaumiza, tusije tukaitwa kujieleza. Tupeane tu uzoefu: ulichajiwa nini, wapi, na ulifanyaje.

Bint Likoni

Pole sana kaka. Wewe umeacha samaki, mimi niliacha mablanketi mawili Jeddah.

Nilikuwa namaliza mkataba wa miaka miwili, narudi Mombasa. Ruhusa yangu mabegi mawili, kila moja kilo 23. Wiki nzima usiku nikishamaliza kazi napima kwa ule mzani wa kupimia mwili wa madam: napanda peke yangu, nashuka, napanda nimekumbatia begi, natoa hesabu. Nikajiona bingwa. Uwanjani mzani wao ukasema 29 na 24. Sijui ule wa madam ulikuwa unamdanganya yeye ama mimi.

Riyali 350. Wallahi mshahara wangu wa siku kumi na zaidi, nilipe sababu ya blanketi? Nikakaa chini pale sakafuni, nikafungua zipu mbele ya watu. Madira matatu nikayavaa moja juu ya lingine, baibui juu yake, na ilikuwa mwezi wa saba, mnajua joto la Jeddah. Viatu vya mwanangu nikavitia mifukoni. Kopo la maziwa ya unga nikampa dada mmoja wa Kiganda aliyekuwa na nafasi, akanibebea mpaka tulipobadilisha ndege, Mungu amlipe. Mablanketi nikamwachia mfagizi.

Pale pembeni nikaona watu wa Umra wanapita na maboksi yao ya zamzam lita tano tano, hawaulizwi kitu. Nikasema hata maji yana heshima kunishinda.

Chagga Mpole

Madira matatu 😂😂 Nimecheka mpaka bosi amegeuka.

Mpanda Basi

Mimi nitakwenda kinyume na wenzangu, msinipige mawe.

Kabla ya hizi tiketi za bei chee, mama yangu alikuwa hajawahi kupanda ndege. Dar hadi Mwanza alikuwa anapanda basi la alfajiri, anafika usiku miguu imevimba, siku mbili hawezi kutembea. Fastjet ilipoanza Novemba 2012, Dar–Mwanza na Dar–Kilimanjaro, tiketi za chini kabisa zilikuwa 32,000 kabla ya kodi. Mwaka uliofuata nikamkatia. Alibeba pochi na mtandio, basi, begi nikalipeleka kwa basi siku moja kabla, likamkuta huko. Kile kikaratasi cha kupandia ndege akakiweka ndani ya Biblia, na kimo mpaka leo, ingawa ile ndege yenye kasuku mkiani haikufika 2019 ikiruka hapa kwetu.

Sasa naomba mniambie: kwa nini mama yangu mwenye pochi achangie kusafirisha sato wa mkuu hapo juu? Zamani sote tulikuwa tunalipia begi, hata tusio nalo. Ndiyo maana wengi tulikuwa tunaishia kituo cha basi Ubungo.

Kilo Kumi na Mbili

Mpanda Basi, hoja yako nimeipokea na mama umpe shikamoo yangu. Lakini nijibu hili: boksi lile lile, kilo zile zile, ndege ile ile. Jana elfu 40, leo elfu 85. Sato walinenepa usiku?

Kaunta Namba Sita

Nimecheka kwa uchungu. Nimekaa upande wa pili wa hiyo kaunta miaka minne, siku hizi nauza vipuri vya pikipiki na roho yangu imetulia.

Mkuu, ile elfu 45 ya juu siyo gharama ya kubeba samaki. Ndege haijui umelipa lini. Ile ni bei ya kukukuta huna pa kwenda. Ukiwa nyumbani na simu una nafasi ya kufikiri, unaweza kughairi, unaweza kumuomba mtu akubebee. Ukifika kwangu dakika 50 kabla ya kuruka, teksi imeondoka, harusi imeisha, unalipa. Tuliambiwa kwenye mafunzo kwamba ni ili watu wazoee kulipia mapema na foleni ziwe fupi. Kweli foleni zilipungua kidogo. Ila na hela iliongezeka, tusidanganyane.

Niwape na upande wetu. Mtu akiweka begi kwenye mzani, mimi naangalia namba. Namba ikicheza, 22.4, 23.9, 21.8, najua kuna kiatu kimeingia chini ya begi kinalinyanyua. Akina mama ndiyo mabingwa, anakuangalia usoni anakusalimia habari za kazi huku kidole gumba cha mguu kinafanya kazi ya winchi. Wengi niliwaachia. Kilo moja, kilo mbili, nilikuwa naangalia pembeni.

Kisichoachiwa ni begi moja kuvuka kilo 32. Hapo hata utoe hela gani wengi hawalipokei, utaambiwa uligawe, sababu kuna kijana huko chini analinyanyua kwa mgongo wake. Hilo msikasirike.

Bint Likoni

Kaunta, mlikuwa mnapewa chochote kwa kila mliyemnasa?

Kaunta Namba Sita

Sisi hapana. Tulipewa matusi.

Mtu wa Bukavu

Ndugu zangu, huku Marekani wako wanaopewa. Mimi ni wa Bukavu, niko Dallas na familia mwaka wa tisa sasa. Novemba 2024 kamati ya Seneti ilitoa ripoti juu ya ada hizi: kampuni za ndege za bei chee Frontier na Spirit walilipa dola milioni 26 mwaka 2022 na 2023 kwa watu wa getini na wengine, kama zawadi ya kuwanasa abiria wenye mizigo isiyoruhusiwa. Kwa hiyo yule anayekuambia "ingiza begi lako kwenye kile kikapu cha chuma tuone" anaweza kuwa na fungu lake ndani.

Na haya mambo yana siku yake ya kuzaliwa. Kabla ya 2008, kampuni kubwa za hapa hazikukulipisha begi la kwanza. Mwaka ule mafuta yalipanda mpaka pipa likakaribia dola 147 mwezi wa saba. American Airlines wakatangaza Mei kwamba begi la kwanza ni dola 15, wakaanza Juni, wakubwa wenzao wakafuata. Kabla mwaka haujaisha mafuta yakaporomoka. Ada ya begi iliporomoka? Mnajua jibu. Na nauli ya safari za ndani inakatwa kodi ya asilimia 7.5, ila ada ya begi haikatwi, kwa hiyo kila dola wanayoitoa kwenye nauli na kuiweka kwenye begi ina faida yake. Southwest ndio walikuwa wanajivunia mabegi mawili ya bure, nao wakaacha 28 Mei 2025.

Lakini mimi lililonichoma siyo begi, ni siti. Nilisafiri na binti yangu wa miaka minne. Sikulipia kuchagua siti, nikasema nani atamtenga mtoto na baba yake? Kompyuta ilimtenga. Mimi 11C, yeye 27E, katikati ya wanaume wawili wasiojuana naye. Nikamuuliza mhudumu, mtoto wa miaka minne atafunga mkanda mwenyewe? Akasema muombe abiria mwenzako. Nikatembea na mtoto mkononi kwenye ujia, namuomba mtu mmoja mmoja, watu wanavaa spika za masikioni wasinisikie. Mzee mmoja mwenye fimbo ndiye aliyeinuka, na yeye siti yake ya ujiani alikuwa ameilipia dola 30. Nilitaka kumrudishia, akakataa.

Ripoti ile ile inasema kampuni tano zilikusanya dola bilioni 12.4 kwa ada za siti peke yake, 2018 mpaka 2023. Nilipoisoma nikamkumbuka yule mzee.

Mpanda Basi

Hili la mtoto hapana. Hapo nimekubali, siwezi kulitetea.

Shuka la Leeds

Nyie mmechajiwa kwa kubeba. Mimi nilichajiwa kwa kufika.

Tulikuwa tunakwenda Hispania siku nne, mimi na mdogo wangu, tiketi pauni 24 kila mtu. Tumefika uwanjani na mapema yetu, pasipoti mkononi, kama tulivyolelewa Tanga kwamba safari ni kuwahi. Kaunta akatuuliza, mmejisajili mtandaoni? Tukasema si ndiyo tumekuja kwako utusajili. Akasema kwangu ni pauni 55. Tukadhani kwa wote wawili. Kila mtu. Pauni 110 kwa kubonyeza kibodi, nimehesabu, haikuzidi dakika mbili. Mdogo wangu akaniambia dada bora tungekaa nyumbani tukapika pweza.

Na masharti nilikuwa nimetumiwa kwa baruapepe, sikatai. Yalikuwa chini ya matangazo ya kukodi gari, hoteli na bima. Nani anashuka mpaka kule?

Mkumbuke 2009 bosi wa Ryanair, kampuni ya ndege za bei chee ya Ulaya, Michael O'Leary, alisema wanafikiria kuweka sarafu kwenye mlango wa choo cha ndege. Haikufanyika, ila jinsi magazeti yalivyoandika bure miezi yote ile, tangazo lilikuwa limeshalipa. Hispania wenyewe Novemba 2024 walizitoza kampuni tano faini ya euro milioni 179, nyingi ikiwa kwa mambo kama kulipisha begi la mkononi na kuchagua siti ukiwa na mtoto. Kampuni zikaenda mahakamani kupinga. Tangu 2014 mahakama ya Ulaya ilishasema begi la mkononi la ukubwa wa kawaida halipaswi kulipiwa, lakini "ukubwa wa kawaida" ni upi? Hapo ndipo wanapocheza. Leo ni la kuingia chini ya siti, kesho pochi.

Chagga Mpole

Sasa naelewa kwa nini nilipoenda kwa bodaboda kijiweni dogo aliniuliza "na begi?"

Kaunta Namba Sita

Kwa ambao wana safari: soma jina la tiketi kabla ya kulipa, siyo bei. Tafuta mahali palipoandikwa kilo. Kama hapana, jua ni sifuri. Kimzani cha kuning'iniza begi kinauzwa Kariakoo, hakifiki hata robo ya faini moja. Na ukiwa na boksi la samaki, litangaze mapema, siyo kwa sababu ya hela tu. Maji ya samaki yakivujia begi la mtu mwingine ndiyo utanikumbuka.

Bint Likoni

Kaka mwenye uzi, hujatuambia. Sato waliishia wapi?

Kilo Kumi na Mbili

Yule dereva wa teksi jana usiku kanitumia picha WhatsApp. Sinia zima, wamekaangwa, ugali pembeni, watoto watano wamezunguka, na mkewe ananyoosha kidole gumba. Chini kaandika: "Bosi ukija tena nitakupokea, hata saa nane usiku." Nimemjibu aniwekee japo mkia.