Duka limeniuzia bunduki ya upepo iliyovuka kikomo cha sheria, kisha linaniambia "imeuzwa kama ilivyo"

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo nimejitahidi kuipooza kabla ya kuandika. Nawaandikia hasa mnaoishi Uingereza na kufanya kazi za mashambani kama mimi, kwa sababu jambo lililonifika linaweza kumpeleka yeyote kati yenu mahakamani pasipo kujua kosa lake lilianzia wapi.

Mimi ninahudumia mabanda ya kuku wa mayai katika kaunti ya Lincolnshire. Panya wa huku hutoboa magunia ya chakula, huiba mayai na kuacha kila wanapopita mkojo unaoweza kumwambukiza binadamu homa ya leptospira. Mwenye shamba hataki sumu, kwa kuwa bundi wanaokula panya aliyelishwa sumu hudhurika pia, na mitego panya wakubwa huikwepa. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba ninunue bunduki ya upepo, ya kutumika ndani ya shamba lake na kwa ruhusa yake.

Dukani nilieleza haja yangu kwa ukamilifu: masafa ya mita 10 hadi 20, mara nyingi ndani ya banda la mabati, shabaha ikiwa ni kichwa cha panya ambacho si kikubwa kuliko sarafu ya pauni mbili. Kazi ya namna hiyo haitaki ubabe, inataka risasi itue palepale ulipolenga kila unapofyatua. Muuzaji hakunisikiliza. Alinitolea bunduki ya springi iliyotumika, ile ya kukunja mtutu ili kuikoki, yenye kipenyo cha milimita 4.5, akaisifia jambo moja tu, kwamba "inapiga kuliko zote zilizomo humu". Nilimwuliza kama imepimwa. Alijibu kwamba imepimwa, na kwa mwandiko wake akaongeza kwenye risiti kuwa nguvu yake iko chini ya futi-pauni 12, kipimo cha nishati ya risasi. Risiti hiyo ninayo.

Kwa wasioelewa kwa nini namba hiyo ni nzito: katika England na Wales, mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anaweza kumiliki bunduki ya upepo bila cheti cha polisi, ilimradi nguvu ya risasi inapotoka mtutuni isizidi futi-pauni 12, yaani takribani jouli 16.3. Kikomo hicho kimewekwa na kanuni za mwaka 1969 zilizotungwa chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968. Ikizidi hapo, hata kwa kiasi kidogo, bunduki hiyo huhesabiwa sawa na bunduki ya baruti inayohitaji cheti, na kuimiliki bila cheti ni kosa linaloweza kukufunga hadi miaka 5. Kwamba hukujua si utetezi, na kwamba uliinunua dukani mchana kweupe nako si utetezi. Walioko Scotland mambo yao ni magumu zaidi, kwani tangu tarehe 31 Desemba 2016 wanahitaji cheti hata kwa bunduki iliyo chini ya kikomo hicho.

Nilianza kuitilia shaka kwa namna ilivyokuwa ikiruka begani na kulegeza skrubu za kitako, nikaipeleka kwa fundi mwenye leseni aipitishe kwenye kronografu, kile kifaa cha kupima mwendo wa risasi. Hesabu yake yeyote anaweza kuifanya nyumbani: chukua uzito wa risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), uzidishe kwa kipeo cha pili cha mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha ugawanye kwa 450,240. Risasi ya greni 8.44, ambayo ndiyo ninayotumia, hufika kikomo cha sheria ikitoka kwa futi 800 kwa sekunde. Yangu ilisoma 836. Hizo ni futi-pauni 13.1, na maana yake ni kwamba tangu siku ile niliyotoka dukani nilikuwa nimebeba silaha isiyo na cheti.

Nilipopiga simu, niliambiwa kuwa ni mafuta yaliyobaki kwenye silinda yanayoungua, na kwamba nikimaliza kopo moja la risasi itatulia yenyewe. Jibu hili limenikera kuliko matusi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Springi inapoisukuma pistoni mbele ndani ya silinda, hewa hubanwa ghafla na kupata joto kali, na kama kuna mafuta mbele yake huwaka kama yanavyowaka kwenye injini ya dizeli, hivyo risasi hutoka kwa kasi isiyo yake. Lakini dalili zake zinajulikana: moshi mtutuni, harufu ya kuungua, mlio mkali na vipimo vinavyorukaruka kutoka risasi moja hadi nyingine. Vipimo vyangu vilikuwa vimetulia. Fundi akaifungua mbele yangu. Kichwa cha skrubu ya nyuma kilikuwa kimeliwa na bisibisi isiyokaa sawa, ishara kwamba kuna mtu aliwahi kuingia humo kabla yetu. Ndani alikuta springi ya waya mnene kuliko ule wa kiwandani, imesukumwa kwa washa (pete za chuma) mbili zilizoongezwa nyuma yake, na yote imepakwa grisi nyeusi ya magari. Hakuna aliyepima kitu hapo dukani.

Fundi alikataa kunirudishia bunduki hadi aishushe nguvu, na alikuwa na haki. Alipotia springi ya kiwandani ilisoma 772, yaani futi-pauni 11.2 hivi, na akaiacha hapo kwa makusudi, kwa sababu ukibadilisha aina ya risasi nguvu inaweza kupanda, na aliyeikaza hadi ukingoni anaweza kuvunja sheria kwa kununua kopo jipya tu. Isitoshe, bunduki ile sasa inalenga. Ya springi huruka mara mbili, nyuma pistoni inapoondoka na mbele inapogota, na mirindimo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiisogeza darubini ya kulengea kwenye reli yake. Hata darubini iliyotengenezwa kwa bunduki za baruti, ambazo huruka upande mmoja, inaweza kuharibika juu ya springi. Ile nguvu waliyonisifia ilikuwa ndiyo inayoninyima shabaha.

Na huyohuyo muuzaji alinipa na ushauri wa matunzo! Alinipa kichupa cha mafuta laini nidondoshee kwenye tundu la hewa kila wiki, jambo ambalo ndilo hasa linalosababisha ule uunguaji wa mafuta aliokuja kuusingizia baadaye. Akaniambia pia kwamba naweza kuiacha imekokiwa usiku kucha ili panya akitokea niwe tayari. Bunduki ya springi iliyoachwa imekokiwa huichosha springi, na ikiwa na risasi ndani ni ajali inayosubiri mtoto wa mwenye shamba. Haifyatuliwi ikiwa tupu pia, kwa sababu bila risasi ya kuizuia hewa, pistoni hugonga mwisho wa silinda na kuharibu sili, kizibo chake cha kuzuia hewa. Matunzo yake ya kweli ni machache: kukaza skrubu za kitako, kupaka mafuta kidogo kwenye bawaba ya mtutu, kufuta chuma kwa kitambaa chenye mafuta baada ya mikono yenye jasho kukigusa, na kusafisha mtutu pale tu shabaha inapoanza kupotea. Wenye bunduki za mtungi wa hewa iliyoshindiliwa wakumbuke kwamba oringi zake, yaani pete za mpira za kuzuia hewa, hupakwa grisi ya silikoni pekee, kamwe si mafuta yatokanayo na petroliamu, kwa kuwa mafuta hayo na hewa yenye shinikizo la bar 200 vikikutana vinaweza kulipuka.

Nirudi kwa duka. Walipoona karatasi ya vipimo walibadilisha wimbo, wakasema bidhaa iliyotumika "imeuzwa kama ilivyo" na hairudishwi. Huo ni uongo. Sheria ya Haki za Wateja ya mwaka 2015 inamlinda pia anayenunua kitu kilichotumika kutoka kwa mfanyabiashara: bidhaa lazima ilingane na maelezo iliyouzwa nayo, na kama hailingani mnunuzi ana siku 30 za kuikataa na kurudishiwa fedha zake. Maelezo yenyewe waliyaandika kwenye risiti! Kisha, kabla fundi hajaishusha, wakaniambia niirudishe mwenyewe kwa gari ili "waiangalie", yaani nisafirishe barabarani silaha ambayo wao wenyewe wamenifanya niimiliki kinyume cha sheria.

Ninachodai ni gharama ya springi na kazi ya fundi, pamoja na maelezo ya maandishi yanayosema ni nani aliyeipima bunduki ile na kwa kifaa gani. Barua yangu ya pili imekwenda kwa posta ya kusainiwa, na nakala nimeiambatisha kwenye malalamiko yangu kwa wasimamizi wa biashara wa halmashauri. Kama kuna mwenzetu aliyenunua bunduki ya springi iliyotumika katika kaunti hii na risitini ameandikiwa kwa mkono kuwa imepimwa, naomba asiifyatue tena kabla haijapita kwenye kronografu ya fundi mwenye leseni, kisha anitumie ujumbe wa faragha, maana malalamiko ya wawili yatawalazimu watoe kumbukumbu za vipimo ambazo mimi peke yangu wamekataa kunionyesha.