Mrejesho: yule dada niliyemkosoa pilau lake mbele ya watu

Assalaam alaykum. Mtakumbuka niliuliza kama istighfari (kumwomba Mungu msamaha) peke yake inatosha, baada ya kumwambia mpishi wa harusi hapa Majengo, Moshi, mbele ya akina mama wote, kwamba pilau lake ni uji. Mkanijibu: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia ni baina yangu na Mola, heshima ya mtu inadai radhi yake mwenyewe, kabla ya Kiyama, siku isiyo na dinari wala dirhamu.

Nikaenda Jumamosi. Nikamkuta uani anapeta mchele. Nikaanza, "Samahani kama nilikuumiza," aibu ikanishika. Hiyo "kama" ya nini? Nikarudia: "Dada, nilikukosea." Ungo haukusimama. Akasema, "Kuni zilikuwa mbichi. Na ulisema mbele za watu."

Basi nimemwomba radhi tena mbele za watu, kwenye kikoba chetu, wengi wao wakiwa walewale wa harusini. Sukari kilo mbili niliyompelekea kapokea (mimi niliona kama rushwa, mama yangu akanilazimisha). Neno la kusamehe bado hajatamka. Salamu anaitikia. Nimemwomba apike kwenye hitma (kisomo cha kumrehemu) ya baba; kasema ataangalia.