Msaada wakuu: kila nikivuta kidirisha, kigawanyio kipya kinazaliwa (Split.js ndani ya Rust)

Kijana wa Chumbageni

Wakuu, habari za majukumu. Niko Tanga mjini, natengeneza mfumo wa kuhamishia kwenye kompyuta madaftari ya zamani ya mizani ya mkonge. Skrini ina pande mbili: kushoto picha ya ukurasa wa daftari, kulia fomu ya kujaza. Karani anayeujaribu ni mama mtu mzima, na ndiye aliyenionyesha jambo ambalo sikuliwaza kabisa. Safu ya madaraja, pale palipoandikwa 3L au UG, iko mwisho wa ukurasa upande wa kulia. Akifika hapo anataka apanue picha na kuibana fomu, akimaliza airudishe. Kurasa ni mamia. Kwake kidirisha cha kuvuta ndiyo kazi yenyewe.

Nimeandika kwa Rust, natumia Yew (maktaba ya Rust ya kutengeneza kurasa za wavuti), na msimbo unageuzwa kuwa WebAssembly ili ukimbie ndani ya kivinjari. Split.js naifahamu tangu nikiandika JavaScript tupu, ni maktaba ndogo na nyepesi ya kugawa skrini kwa vidirisha na kuweka kigawanyio cha kuvuta katikati yake, kwa hiyo nikaifunga kwa wasm-bindgen (daraja kati ya Rust na JavaScript) niitumie kama komponenti, yaani kipande cha ukurasa. Siku ya kwanza ilikubali vizuri. Sasa nimekwama hapa:

Mama akiachia kigawanyio, kingine kinatokea pembeni yake. Akivuta mara tatu, viko vinne vimebanana, pikseli 10 kila kimoja.

Halafu mwanzoni kivinjari kililalamika kwamba kloja (fanksheni ya Rust niliyoipa Split iiite) imeitwa ilhali imeshaharibiwa. Nikaweka `forget()`, malalamiko yakakoma, ila roho yangu haijatulia.

La mwisho, akihifadhi mstari, upande wa fomu unageuka kijani kwa muda. Hapohapo vidirisha vinaruka, vipimo alivyoviweka vinapotea.

Split naiita ndani ya `use_effect`, na `onDragEnd`, ile inayoitwa kigawanyio kikiachiwa, inaandika vipimo vipya kwenye hali ya komponenti. Niendelee na njia hii, au nitengeneze komponenti halisi ya wavuti yenye lebo yake ya HTML?

Fundi wa Bandarini

Pole mkuu. Jibu la tatizo la kwanza umeliandika mwenyewe kwenye mstari wako wa mwisho. `use_effect` isiyo na tegemezi (thamani ambazo zikibadilika ndipo ikimbie tena) hukimbia kila komponenti inapochorwa upya. Fuata mzunguko: mama anaachia, `onDragEnd` inabadilisha hali, Yew inachora upya, `use_effect` inakimbia tena, Split inaitwa tena juu ya vidirisha vilevile. Split haiulizi kama ilishapita hapo. Inaingiza kigawanyio chake kabla ya kidirisha cha pili na kuendelea na safari.

Tumia `use_effect_with` na tegemezi tupu, yaani `()`, ili ikimbie mara moja tu komponenti inapowekwa kwenye ukurasa. Na usiweke vipimo kama tegemezi, utarudi palepale. Kama unahitaji tu kuvikumbuka, viandike `localStorage`, hifadhi ya kivinjari, na uiache hali ya komponenti.

Umewapata vipi vidirisha? Kwa id?

Kijana wa Chumbageni

Ndiyo mkuu, kwa `#kushoto` na `#kulia`.

Fundi wa Bandarini

Acha id. Siku ukiweka komponenti mbili kwenye ukurasa mmoja, ya pili itashika vidirisha vya ya kwanza. Weka `NodeRef`, kishikizo cha Yew cha elementi, kwenye div ya nje, kisha uchukue watoto wake na kuwapitisha kwa Split kama elementi zenyewe. Inazipokea bila shida.

Bi Raskazone

Mwanangu, hiyo `forget()` itoe leo. Ulichofanya ni kumwambia Rust asiikusanye kloja hiyo maisha yote ya ukurasa. Kila ukurasa wa daftari unaofunguliwa unaacha kloja nyuma yake, na mama akishinda hapo tangu asubuhi zinarundikana kwenye kumbukumbu bila mwenyewe.

Kloja inatakiwa iishi sawasawa na Split inayoiita. Ziweke nyumba moja:

```rust
struct Vidirisha {
    split: Split,
    _akiachia: Closure<dyn FnMut(Array)>,
}

impl Drop for Vidirisha {
    fn drop(&mut self) {
        self.split.destroy();
    }
}
```

Utaratibu wa Rust ni kwamba `drop` hii hukimbia kwanza, ndipo sehemu za ndani ziachiwe moja moja. Kwa hiyo Split inaondoa vigawanyio na kuacha kusikiliza kipanya kabla kloja haijafa, na hakuna wa kumwita marehemu. Kwenye `use_effect_with` rudisha kloja ya usafi inayomiliki `Vidirisha`. Komponenti ikiondoka, vyote vinaondoka pamoja nayo.

Kuhusu kuruka: bila shaka kijani unakiweka kwa `style` kwenye kidirisha chenyewe. Split nayo inaandika upana hapohapo kwenye `style`, kitu kama `calc(50% - 5px)`. Yew ikiona `style` yako imebadilika inaiandika yote upya, na upana wa Split unafutika. Rangi iweke kwa `class`, au kwenye div ya ndani. Kidirisha chenyewe mwachie Split.

Mvuvi wa Pangani

Mimi naona maktaba yenyewe mngeiacha. Vidirisha viwili tu? Sikiliza `pointerdown` kwenye kigawanyio, ita `set_pointer_capture`, kwenye `pointermove` badilisha `flex-basis` ya kidirisha cha kushoto, na uweke `touch-action: none` ili kwenye tableti ukurasa usiburutike. Kila kitu kinabaki ndani ya Rust, hakuna wawili wanaogombea elementi moja. Tatizo la rangi lisingetokea kabisa, maana upana na rangi vingetoka kwenye mkono mmoja.

Bi Raskazone

Kaka, kwa mfumo unaoanza leo nakuunga mkono. Lakini huyu ana karani anayesubiri, na marekebisho yake ni mistari michache. Pia Split inampa kima cha chini cha upana bila yeye kuandika hesabu.

Kwa swali la lebo yake mwenyewe: Rust peke yake haiwezi kutoa klasi inayorithi `HTMLElement`, wasm-bindgen haina uwezo huo. Utahitaji faili dogo la JavaScript lenye `connectedCallback` na `disconnectedCallback` (huitwa lebo ikiingia na ikitoka kwenye ukurasa) zinazoita fanksheni zako za Rust, na jina la lebo lazima liwe na kistari, mfano `vidirisha-viwili`. Njia hiyo ina faida tu ukitaka watu wasiotumia Yew waitumie komponenti yako. Kama ukurasa wote ni wako na wote ni Yew, unaongeza mlango kwenye chumba ambacho tayari kina mlango.

Kijana wa Chumbageni

Wakuu, nimerudi. Bi Raskazone, shikamoo, na ahsante sana. Fundi, ahsante kwa `NodeRef`.

Nimefanya kama mlivyosema. Kigawanyio ni kimoja, nimevuta mara hamsini kikabaki kimoja. Nimefungua na kufunga kurasa za daftari nikiangalia kumbukumbu ya kivinjari, haipandi kama zamani. Rangi nimeihamishia kwenye `class`, kuruka kumekwisha.

Leo asubuhi mama amekaa nao. Ana neno moja: akikaribia kuifunga picha yote, kidirisha kinamponyoka na kujibana chenyewe.

Fundi wa Bandarini

Hiyo ni `snapOffset`, kwa kawaida ni pikseli 30. Ukifika umbali huo kutoka kima cha chini, Split inakivuta kidirisha hadi kwenye kima hicho. Weka 0. Na `minSize`, yaani kima chenyewe cha chini cha upana, ambayo huanza na pikseli 100, iongeze upande wa fomu ili visanduku vya kilo visikatwe.

Kijana wa Chumbageni

Nimeweka 0, na upande wa fomu 280. Mama yuko ukurasa wa kumi na nne sasa hivi.