MJADALA: Treni ya mizigo inarudi Malaba nusu tupu, kwa nini isitubebe abiria?

Mwanzisha mada, Tororo

Wadau, kuna jambo linanikera kila nikisimama kando ya reli hapa kwetu. Treni ya mizigo inapanda Kampala imejaa makontena na ngano. Ikishuka kurudi Malaba, mpakani na Kenya, mabehewa mengi ni matupu, kwa sababu Uganda yetu inaagiza kuliko inavyouza nje. Sisi tunabanana kwenye taksi na mabasi. Treni ya abiria ninayoisikia ni ile ya Kampala na Namanve iliyoanza Desemba 2015, nayo ni ya watu wa mjini. Hoja yangu: wafunge mabehewa mawili matatu ya abiria nyuma ya ile ya mizigo. Kichwa kipo, dereva yupo, dizeli inaungua vilevile. Treni ni treni.

Dereva mstaafu, Jinja

Hapana, ndugu yangu. Kabla sijawa dereva nilikuwa gadi, nakaa behewa la mwisho kabisa, hapohapo unapotaka kuwaweka watu. Kwenye kapla, yaani kiungio cha mabehewa, behewa na behewa huachiana sentimita chache. Kichwa kikianza kuvuta, behewa la kwanza linaondoka, halafu la pili, la tatu. Unaisikia inakuja, kwa-kwa-kwa-kwa, na ikikufikia wewe wa mwisho unanyakuliwa. Siku moja nilikuwa nimemimina chai ya termosi. Kikombe kilienda upande wake, chai upande wake, na mimi nikajikuta nimekaa mlangoni. Ule ulegevu una kazi yake: kichwa haking'oi tani zote kwa mpigo mmoja. Mabehewa ya abiria hufungwa kwa kukazwa, ulegevu uwe mdogo kabisa. Sasa weka pale mama mwenye mtoto mgongoni.

Halafu breki. Zote ni za hewa: bomba moja linapita treni nzima, dereva akishusha presha, breki zinakamata. Kanuni za reli za Ulaya zinataka breki ya treni ya abiria ifikie nguvu kamili ndani ya sekunde 3 hadi 5. Treni nzito ya mizigo hupewa sekunde 18 hadi 30, na kwa makusudi. Mabehewa ya mbele yakikamata upesi kabla presha haijashuka huku nyuma, ya nyuma yatayapanda ya mbele.

Mzee wa Kasese

Mwanangu dereva, nakuheshimu, lakini sisi wa zamani tulizipanda treni mchanganyiko, mizigo na watu pamoja. Reli ya kwetu ilifika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na abiria tulisafiri. Hatukufa.

Dereva mstaafu, Jinja

Shikamoo mzee. Ni kweli zilikuwepo. Zilikuwa fupi, zilikwenda mwendo wa pole, na abiria alikuwa hajapewa basi la kumlinganishia. Leo nani atakata tiketi ya treni isiyojua itafika saa ngapi? Treni ya mizigo inaondoka ikishajaa, ya abiria inaondoka saa yake hata ikiwa na watu wanne. Pia kaangalie ubavuni mwa behewa la mizigo: mengi yana mkono wa chuma wa kuchagua "tupu" au "imepakiwa", maana likijaa uzito huwa hata mara nne ya lilivyo tupu, na breki ni lazima ijue. Springi zake ni ngumu kwa sababu hiyohiyo. Behewa la abiria, likijaa watu, uzito haubadiliki sana, ndiyo maana linaweza kuwekewa springi laini.

Mhandisi, Kampala

Mnasahau njia yenyewe. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa ili treni isisukumwe nje. Kiasi cha kuinua kinafuata kasi, na kinafuata mraba wake. SGR ya Kenya, ile reli mpya ya geji pana iliyofunguliwa 2017, iliwekewa kasi ya kilomita 120 kwa saa kwa abiria na 80 kwa mizigo. Kona moja, lakini treni ya 120 inadai mwinuko mara mbili na robo ya ule wa treni ya 80. Ukiinua kwa ajili ya abiria, mizigo inalalia reli ya ndani na kuila. Ukiinua kwa ajili ya mizigo, abiria anaegemezwa dirishani. Unachukua katikati, kila mmoja ananung'unika kidogo. Sisi tuliosaini Oktoba 2024 kujengewa SGR ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, tungebishania hili kuliko kubishania rangi ya viti.

Mwanzisha mada, Tororo

Sawa ssebo, la kufunga nyuma naliondoa. Basi abiria wapewe treni yao fupi kwenye reli hii ya zamani, ya geji ya mita, yaani mita moja kati ya reli na reli. Mnasemaje?

Mfanyabiashara, Kikuubo

Ninyi mnaongea breki, mimi naongea pesa. Njia ni moja. Treni mbili zikikutana, moja inaingia njia ya kupishana kungoja. Kila mara itakuwa ya mizigo, maana kontena halipigi kelele dirishani. Mwaka jana langu lilikaa njiani siku nne zaidi ya ahadi, na mwenye kontena akanitoza kwa kuchelewa kulirudisha. Tiketi za watu mia mbili hazifiki bili ile. Mnaotaka abiria wapewe kipaumbele, tozo hiyo atailipa nani?

Dereva mstaafu, Jinja

Tena huenda isiingie. Treni ya mizigo ikiwa ndefu kuliko njia ya kupishana, mkia unabaki nje kwenye njia kuu. Hapo fupi ndiyo inaingia pembeni. Abiria atangoja, atake asitake.

Mfanyabiashara, Kikuubo

Hilo nimelipenda.

Mwanzisha mada, Tororo

Mimi sijalipenda. Njia za kupishana zirefushwe kwanza, ndipo turudi hapa.