Tumeuziwa alumini kwa bei ya shaba, halafu tunaambiwa mkono wetu ndio mbovu

Wanajamvi, asalaam aleikum. Nina hasira na sitaificha. Nataka hili lisomwe na kila anayevuta waya za intaneti nyumbani kwake mwenyewe, hasa sisi wa Lamu. Huku kitu kikiwa kibovu, kukirudisha dukani ni boti, basi na siku nzima kupotea.

Nyumba ni ya mamangu, Langoni, ya kizamani. Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wake kama dhiraa moja. Rauta ikiwa ukumbini, ukiingia chumba cha ndani simu haipati kitu. Ndiyo maana nikaamua kila chumba kiwe na kebo yake. Boksi nililinunua Mombasa: kebo ya mtandao ya aina ya Cat6, mita 305, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni shaba tupu, shilingi 14,500. Lilipofika Mokowe likavushwa kwa boti, na hamali akalichukua kwa mkono mmoja kama kapu la mboga. Hapo ndipo ningeshtuka. Shaba ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya alumini, na boksi la shaba kweli hulibebi hivyo.

Nikavuta kebo nane, nikabana vichwa vya RJ45 (plagi za ncha za kebo) mwenyewe, nikapima kwa testa ya taa. Zote nane ziliwaka, moja hadi nane, kwa mpangilio. Lakini kompyuta ya dadangu inaunganika kwa kasi ya Mbps 100 badala ya 1,000. Vyumba vitatu vya juu mtandao unakatika kila mara. Na kile kifaa cha Wi-Fi cha darini, kinachopata umeme kupitia kebo hiyo hiyo, kinajizima kila jioni watu wakijaa.

Nikampigia muuzaji. Akanijibu, "Ndugu yangu, si testa inawaka zote? Basi kebo yangu haina neno, mkono wako ndio mbovu." Hebu fikirini jibu hilo. Kama taa zinaithibitisha kebo yake, mbona haziuthibitishi mkono wangu? Testa ni hiyo hiyo, na vichwa ni hivyo hivyo!

Sasa nisikilizeni, maana mkono wangu kweli ulikuwa na kosa, na kosa lenyewe linatokana na maneno ya mafundi wetu. Kuna fundi aliniambia, "Rangi panga utakavyo, bora pande mbili zifanane." Si kweli hata kidogo. Waya nane ni jozi nne zilizosokotwa, na msokoto ndio unaozuia jozi moja kuichafulia nyingine mawasiliano. Pini ya 1 na ya 2 ni jozi moja, lakini ya 3 jozi yake ni ya 6, wala si ya 4. Ukipanga jozi baada ya jozi, ya 3 na ya 6 zinatoka jozi tofauti, na msokoto hausaidii tena. Testa haioni hilo. Yenyewe inauliza tu kama waya wa 3 umefika kwenye 3. Kebo zangu tatu za juu zilikuwa hivyo. Nikazikata vichwa na kuzipanga upya kwa T568B, mpangilio wa rangi unaokubalika: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tena sikuufungua msokoto zaidi ya milimita 13. Vyumba vile vitatu vikatulia siku hiyo hiyo.

Lakini ya dadangu ikabaki 100, na kifaa cha darini kikaendelea kuzima. Mbps 100 hutumia jozi mbili tu, 1,000 inataka zote nne. Maana yake kuna jozi haishiki. Nikabana upya mara tano! Mara ya sita waya wa kahawia ukakatika mkononi nikiunyoosha, ukavunjika kama kijiti. Nikachukua wembe nikaukwangua. Wekundu ukatoka, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba.

Sikutaka kusema kwa hasira bila ushahidi, kwa hiyo nikapima. Kebo ina alama za mita ubavuni. Nikakata mita 100 zilizobaki, nikaunga waya mbili za jozi moja upande mmoja, nikaweka mita ya kupimia ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, upande wa pili. Kiwango cha kebo hizi kinataka kila waya usizidi omu 9.38 (omu ndiyo kipimo cha ukinzani) kwa mita 100, yaani kwenda na kurudi isifike hata 19. Mimi nimepata 28. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, ndiyo maana kifaa cha darini kinakosa nguvu kikizidiwa kazi. Na kwa chumvi ya upepo wa huku, alumini iliyo wazi kwenye kichwa cha RJ45 sijui itamaliza kusi ngapi.

Picha za waya uliokwanguliwa na za mita nimemtumia muuzaji. Amesoma, kanyamaza. Alhamisi naenda Mombasa na boksi lenyewe, na nataka pesa zangu zote, si kubadilishiwa boksi jingine la namna hiyo hiyo.

Aliyenunua boksi la bei hii karibuni, kwangua waya mmoja leo kabla fundi hajapiga chokaa. Wangu wa chokaa alikuwa aanze Jumamosi, nimemzuia. Na mwenye kujua duka, Malindi au Mombasa, linalokubali kukwanguliwa waya mbele ya mteja kabla ya kulipa, tafadhali aniandikie hapa.