Pulsa ya Kaa inatangulia kwa mikrosekunde 300: nirekebishe saa ya setilaiti?

mwana_fotoni: Wakuu, shikamooni. Napima usahihi wa saa ya NuSTAR, setilaiti yenye darubini ya eksirei, kwa data ya zamani ya pulsa ya Nebula ya Kaa, ile nyota inayozunguka na mpigo wake kutufikia kila baada ya milisekunde 33 na ushei. Nikikata vipande vya dakika mojamoja, vilele viwili vya mpigo vinaonekana vizuri. Nikijumlisha obiti nzima vinatanda, sioni kitu. Nyakati za kufika kwa fotoni (chembe za mwanga) nimeshazihamishia kwenye kitovu cha masi cha mfumo wa jua, kana kwamba zilipokelewa hapo. Nimekosea wapi?

fundi_saa: Marahaba. Umezihamisha kutoka wapi? Nahisi umeanzia kitovu cha Dunia, si kwenye setilaiti yenyewe. Kati ya hapo na obiti ile mwanga hutumia kama milisekunde 23, kwa hiyo katika kila mzunguko fotoni zako zinawahi na kuchelewa kiasi cha kufuta mpigo wote. Kwa dakika moja kosa halifiki hata milisekunde 2, ndiyo maana vipande vifupi vinakudanganya. Mimi nilipoteza wiki nzima nikilaumu joto la saa, kumbe nimeweka faili la obiti la siku nyingine!

mwana_fotoni: Duh, ndiyo hiyo. Programu ilikosa faili la obiti ikaendelea kimyakimya. Vilele vimesimama sasa. Ila kile kikuu kinatangulia cha redio, kwa jedwali la Jodrell Bank, kituo cha darubini za redio, kwa mikrosekunde kama 300. Nizitoe kwenye saa nifunge kazi?

fundi_saa: Thubutu! Eksirei za Kaa kweli hutangulia redio kwa kiasi kama hicho, na RXTE, setilaiti ya eksirei ya zamani, ilishalipima hilo. Ukizitoa, unaibebesha saa tabia ya nyota.

sikio_la_redio: Naongezea upande wetu. Elektroni zilizo njiani huchelewesha redio, hasa masafa ya chini, lakini jedwali limeshaondoa ucheleweshaji huo. Usiuondoe tena. Na chukua jedwali la mwezi uleule wa data yako: kipindi cha Kaa hurefuka karibu nanosekunde 36 kwa siku, na kuna siku kasi ya mzunguko wa pulsa inaruka tu bila kuaga.

mwana_fotoni: Basi mikrosekunde 300 ndizo zilizotarajiwa. Saa ni nzima.

fundi_saa: Polepole. Faili la marekebisho ya saa ni toleo gani? Kwenye NuSTAR kasi ya saa hubadilika na joto, na bila marekebisho mazuri inaweza kukupotosha kwa milisekunde nzima, hata mbili. Marekebisho mapya yanayofuata joto hilo yamelishusha kosa hadi mikrosekunde 65 hivi. Kwa faili la zamani, 300 yako inaweza kuwa bahati tu.

mwana_fotoni: ...Ni la zamani. Nalipakua jipya, naanza upya.